Mtaa Mzima kwa Nukta Moja

Profesa alikuwa mtu wa kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuhifadhi mahali. Kila jengo la mji, kila kona na kila bomba vilikuwa ndani ya mtambo wake, mamilioni kwa mamilioni, nawe ukiuliza kilicho karibu, unajibiwa kabla hujapepesa jicho. Kasi hiyo ndiyo iliyompa jina. Zimamoto walipouchukua mtambo, kaka yake seremala alicheka mpaka akashika mbavu: mdogo wake, aliyekuwa akipotea njia ya dukani, leo anawaelekeza wenye magari mekundu!

Huyo kaka ndiye aliyeacha shule akashika randa ili mdogo wake asome. Karakana yake ilikuwa kwenye mtaa wa mabanda yaliyobanana kama meno. Mitaa ya namna hiyo iliulemea mtambo. Mabanda mengi, hayana namba, taarifa zake vurugu tupu. Profesa akapata dawa: mtaa mzima ukahifadhiwa kama nukta moja, katikati. Mwanafunzi wake mmoja aliuliza itakuwaje kama hapo katikati hakai mtu. Profesa akamjibu kwamba tofauti ni ndogo, na utafiti ukachapishwa.

Katikati ya mtaa wa kaka yake palikuwa na uwanja wa mpira.

Karakana iliposhika moto, gari la zimamoto lilifika upesi kama utafiti ulivyoahidi. Likasimama uwanjani. Kati yake na moto palikuwa na mfereji mpana usio na daraja. Dereva aliuliza redioni, akauliza tena, akajibiwa kuwa ni hapohapo uwanjani. Walipokwisha kuzunguka, mbao zilikuwa majivu. Seremala alikuwa ameingia kumtoa fundi mwenzake, na alimtoa. Mikono yake ndiyo haikutoka salama.

Profesa alimkuta hospitalini amefungwa bandeji mpaka viwikoni. Akamweleza yote, hakuficha neno.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa wapi humo ndani?" kaka akauliza.

"Pamoja na wenzako wote. Kwenye nukta."

"Uwanjani."

"Uwanjani, kaka."

"Na kule kwa wakubwa, nao mmewaweka nukta moja?"

Kule hata vibanda vya mbwa vilikuwa na mahali pake. Kaka akageukia ukutani, na chakula alichopelekewa akakipokea kwa mkono wa mkewe tu, si wa mdogo wake.

Profesa alikwenda kwa mkuu wa zimamoto kuomba mabanda yatenganishwe mtamboni, kila moja na nukta yake. Mkuu akasema kasi itapungua, na wenye sauti mjini watalalamika. Isitoshe, mtambo ni mali ya chuo. Chuo nacho kikamwambia asubiri kwanza apokee tuzo ya utafiti ule.

Hakusubiri. Alichukua kipimo chake akaingia mtaani kwa miguu kupima kila banda lilipo, mlango kwa mlango. Mama mmoja aliyekuwa akifua alikitazama kile kipimo, akauliza bila kuinua sauti, "Mnatubomolea lini?"

Profesa alijaribu kueleza. Mama akabeba beseni lake, akaingia ndani, akafunga. Jirani zake nao wakafunga.