Mbegu Zilizokataa Shuka

Kwenye kitalu chetu, dada anayetunza mbegu alibakiwa na chembe za mwisho za mbegu za mmea mmoja wa mlimani, ule unaofanana na nyasi lakini shina lake ni la mviringo kama sindano. Uwanda wake kule juu ulishamezwa na bwawa. Mara mbili alizifukia mbegu vizuri, kama alivyofundishwa, na mara mbili udongo ukamnyamazia.

Mke wa kaka yake, mpika chai wetu mwenye mdomo, akachungulia.

"Wifi, nawe! Vumbi kama hili unalifukia? Hata mimi ukinifunika gubigubi siamki."

Tukaangua kicheko. Dada hakucheka. Chembe zilizobaki akazinyunyiza juu ya udongo uliolowa, akaziacha wazi dirishani.

Siku ya kumi na mbili alituita kwa sauti ndogo. Tukasongamana wote, hata mlinzi. Vinywele vya kijani, vyembamba kuliko uzi, vilikuwa vimesimama, kila kimoja kimejitwika ganda la mbegu yake kichwani.

"Kumbe zilitaka mwanga tu," dada alinong'ona.

Wifi yake akalisogeza birika lake la chai pembeni, lisizizibie mwanga.