Harufu ya Shavu na Ndevu

Mume wangu ni dobi, na dobi akiona uchafu hatulii. Namjua hivyo na nimemkubali hivyo, lakini siku ile nusura nimchome kwa pasi yake mwenyewe.

Nilikuwa kwenye cherehani, nashona sare za shule, niliposikia mlio kutoka chumbani kwa binti yake. Haukuwa mkwaruzo wa kawaida wa gurudumu la wanyama wake. Ulikuwa mwembamba, hauna kituo, kama breki za baiskeli mbovu. Nikatoa mguu kwenye pedali.

Binti huyu sikumzaa mimi. Mama yake alifariki, mimi nikaolewa, nikamkuta na hamsta wake wawili: vipanya vya kufugwa, vya mviringo, mashavu yao mifuko ya kuwekea akiba. Mmoja anaitwa Shavu, mwingine Ndevu, ndugu wa tumbo moja. Binti alipewa hao na mama yake. Siku nahamia, neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Usiwaguse." Tangu hapo akinihitaji husema "samahani" huku anatazama ukuta, maana hana jina la kuniita.

Nami sikuwagusa, wallahi. Lakini masikio hayana pazia. Nilimsikia akimfundisha baba yake: kila kitu kiwe viwili, vibanda viwili, chupa mbili za maji, magurudumu mawili ya kukimbilia, wasije wakagombania. Na ukisafisha, bakiza kidogo maranda ya zamani wanayolalia, kwa sababu hawa hujuana kwa harufu. Harufu ikiondoka, ndugu anageuka mgeni. Baba mtu akawa anaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" huku anakunja mashati ya watu.

Basi siku ile naingia chumbani, nakuta kizimba kinang'aa! Maranda mapya, vibanda vimesuguliwa, kila kitu kinanuka sabuni. Na ndani yake manyoya yanabingirika. Ndevu kamng'ata Shavu shingoni, haachii.

"We baba we! Njoo uone ulichofanya!"

Akatokea mlangoni, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. "Nilitaka mtoto akirudi akute pasafi. Afurahi."

"Maranda ya zamani yako wapi?"

Akageuza uso kuelekea getini. Nikajua yako jalalani, na gari la taka limeshapita.

Akanyoosha mkono auingize katikati yao. Nikamvuta shati. "Watakutoa kidole! Toka!" Nikakimbilia jora langu la kitambaa, nikachomoa lile kadibodi la ndani, nikalishusha taratibu kati yao. Ndevu akaiacha shingo, akalirukia kadibodi. Hapo hapo nikamfunika Shavu kwa kopo, nikapitisha kipande cha karatasi ngumu chini yake, nikamtoa.

Nikamweka kwenye beseni lenye kina. Akalala ubavu. Sikio limechanika, shingo ina damu, na tumbo silioni likipanda.

"Pumua," nikamwambia. "Pumua, bwana, usinifanyie hivi." Mtu mzima mimi, nambembeleza panya! Huyu akifa, msiba wa mama yake unarudi upya ndani ya nyumba hii, na sijui kama mtoto yule atainua tena uso wake kumtazama yeyote kati yetu.

Geti likalia.

"Amerudi," mume wangu akasema, amenywea kama shati lililoloa. "Nitamwambia nini mimi? Ni zawadi ya mama yake."

"Kalete maji ya uvuguvugu na kitambaa laini. Nenda!"

Akaondoka haraka kuliko nilivyomtuma.

Binti akaingia na begi mgongoni. Akatazama kizimba, akatazama beseni, akanitazama mimi na kopo langu. Hakulia. Afadhali angelia.

"Nani?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikilisema, mimi nimetakata, na yeye amebaki na baba wa kumchukia. Mama tayari hana. Nikalimeza.

"Mimi," nikasema. "Niliona pachafu nikaosha. Nisamehe, mwanangu."

Akapiga magoti, akaingiza pua kwenye kizimba, akanusa. Kisha akageuka, akanusa mkono wa nguo yangu.

"Hii ni sabuni ya baba," akasema. "Wewe unanuka mafuta ya cherehani."

Jamani! Kumbe muda wote ule anatazama ukuta, pua yake ilikuwa inanijua.

"Mbona umesema ni wewe?"

"Kwa sababu huyo baba unaye mmoja tu," nikasema.

Aliinama juu ya beseni, nami nikainama, vichwa vyetu vikagusana. Mguu mmoja wa Shavu ukacheza. Tumbo likapanda, likashuka, likapanda tena. Hapo ndipo binti alipolia, na mimi nikamsaidia.

Alipojifuta kamasi akawa mkubwa ghafla. "Tumpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Lakini hawatakaa pamoja tena. Wakishapigana hivi, basi. Mmoja lazima ahame."

"Ahamie wapi?"

Akafikiri. "Chumbani kwako. Ila usimweke karibu na cherehani, atashtuka."

Mlangoni baba yake alikuwa amesimama na bakuli la maji, machozi yanamtoka, hajui aliweke wapi. Akanyoosha mkono kumchukua Shavu. Binti akatikisa kichwa. "Baba, wewe unanuka sabuni. Atakuogopa."

Nikainuka nikanawe nami kwanza, maana vidole vilikuwa vimejaa yale mafuta meusi. Binti akanishika nguo.

"Usinawe, mama," akasema. "Akuzoee hivyo hivyo."

Akamweka Shavu kiganjani mwangu.