Mistari ya Kungoja

Kazini walimwita Chapchap, na jina lilimkaa. Alikuwa mwandishi wa programu katika karakana ya kukarabati kreni kuukuu, mwanamke asiyeweza kuona kitu kirefu bila kutamani kukikata. Haraka haraka haina baraka, tunaambiwa tangu utotoni, ila sijamsikia bado bosi aliyempandisha mtu cheo kwa kwenda polepole.

Baba yake alikuwa dereva wa kreni mstaafu. Karakana ilimrudisha kwa kazi nyepesi: kukaa mbele ya kompyuta yenye programu inayoigiza kreni, kushika vishikio viwili, na kunyanyua, kuzungusha na kushusha mizigo isiyokuwepo. Programu ilirekodi kila alichofanya. Rekodi hizo ndizo zilizokuwa majaribio. Zikitolewa humo na kupakiwa kwenye kreni halisi, kreni ilirudia yenyewe hatua za mzee, moja baada ya nyingine, kabla mteja hajakabidhiwa.

Kuzitoa ilikuwa kazi ya Chapchap. Mwanzoni alizitoa kwa mkono, moja moja, mpaka macho yanamtoka. Baadaye akaandika skripti, maagizo machache ambayo kompyuta inayafuata na kuzitoa zote kwa mpigo. Mkuu wa karakana akafurahi, kisha, kama walivyo wakubwa, akataka tena.

"Haya majaribio yanakula asubuhi nzima," alisema. "Huwezi kuyafupisha?"

Chapchap akafungua rekodi za baba yake, akaona kwamba kila mara kabla ya kushusha kuna mstari umeandikwa: ngoja. Ngoja, ngoja, ngoja. Kwenye skrini mzigo ulining'inia umetulia kama picha ukutani, maana programu yao haikujua upepo wala kuyumba. Akacheka peke yake. Mzee huyu na usingizi wake! Akaongeza agizo moja kwenye skripti: ikikutana na ngoja, iiruke. Akayarudia majaribio kwenye programu, yote yakapita. Hakumwuliza baba yake, ingawa walikula meza moja kila jioni.

Lakini kreni halisi ina kamba halisi. Siku ya jaribio mzigo ulizungushwa, ukayumba, na kreni ikaushusha hivyo hivyo ukiyumba. Ulimwangukia mguuni mfunga mizigo, kijana aliyesimama tayari kuupokea. Hospitalini wakaukata mguu chini ya goti.

"Mzee amechoka," mkuu akahitimisha kikaoni. "Mikono iliyorekodiwa ni yake." Hakuuliza majaribio yalifupishwa vipi. Wakubwa hawapendi maswali yanayoweza kuwarudia.

Chapchap alikuwa kikaoni. Alishaifungua rekodi ya awali, ile ambayo skripti haikuigusa, na kuziona ngoja zote mahali pake. Alijua, na akanyamaza. Mshahara wake ndio uliolisha nyumba nzima, ni kweli, lakini mimi simtetei. Mguu wa mtu si kijiti.

Mzee hakubisha, na hilo ndilo lililomchoma bintiye kuliko yote. Tangu siku hiyo alikaa sebuleni ameikalia mikono yake, na chai akawa anashikiwa kikombe na mkewe.

"Nilisahau kungoja," alisema. "Maisha yangu yote nimengoja mzigo utulie, mwanangu. Siku ile sijui nilikuwa wapi."

Jioni moja mfunga mizigo akampigia simu kutoka wodini, kumwambia kwamba amemsamehe. Mzee alilia kwa sauti mbele ya familia yake, akirudia asante, mwanangu, asante. Chapchap akashindwa kuvumilia.

"Baba, ulingoja. Mimi ndiye niliyezifuta."

Akamweleza. Mzee alitoa mikono yake, akaitazama viganjani, akaigeuza.

"Kumbe nilingoja?"

"Kila mara, baba."

Uso wake ukachangamka ghafla, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona. Halafu akaikumbuka ile simu, na uso ukakunjamana.

"Yule kijana amenisamehe kosa lisilo langu. Nenda kamwambie. Mkuu utamwona kesho."

"Nitafukuzwa kazi, baba."

"Utafukuzwa. Vaa viatu."

Wodini, mfunga mizigo alimpokea kwa mzaha wake wa siku zote. "Karibu, dada Chapchap! Kiti kipo, mguu ndio haupo." Akauliza hali ya mzee kabla hajaulizwa yake. "Mwambie aache kujitesa. Uzee hauna dawa, na sisi tukijaaliwa tutaufikia."

Chapchap alikaa. Alitamani kuaga tu aondoke, lakini akaanza. Alimwambia kuhusu programu isiyojua upepo, skripti, agizo lile moja, kikao, na kimya chake. Hakufupisha kitu. Kijana alimsikiliza huku mzaha ukimtoka usoni kidogo kidogo. Chapchap alipomaliza, kijana akalitazama blanketi pale lilipolala bapa juu ya godoro.

"Mzee nilimsamehe kwa ajili ya uzee wake," akasema. "Wewe, dada, nikusamehe kwa ajili ya nini?"