Nirudishie Laana Yangu

Toleo la kwanza la jarida la Nyundo lilitoka kiangazi cha mwaka 1914, jekundu kama pilipili, pana kama sinia, herufi nene hata kipofu angesikia makelele. Mhariri wake, Ambrose Tuke, alikuwa mteja wa mgahawa wangu hapa Soho, London. Humo aliwalaani maaskofu, ukungu wa London, Wafaransa, masharubu ya majenerali, na, mstari mzima peke yake, SUPU YA NJEGERE YA MAMA GADD.

Mama Gadd ndiye mimi.

Nilitaka kummwagia sufuria kichwani. Kabla sijampata, mlango ukajaa kofia za manyoya. "Ndiyo hii iliyolaaniwa?" mabibi wakaniuliza. Wakanywa, wakakunja nyuso, wakaagiza tena. Watu walikula wamesimama, umbeya ukipita juu kwa juu pamoja na sahani. Raha iliyoje!

Kisha vita. Wachoraji waliokuwa wakila kwangu wakavaa magwanda, mabibi wakaenda kufunga majeruhi bandeji, nikabaki na viti na paka. Tumaini langu likawa toleo la pili.

Asubuhi moja Tuke akaniletea nakala ya majaribio kutoka kwa mchapaji. Jembamba! La kijivu kama maji ya kuoshea vyombo.

"Wekundu umeenda wapi?"

"Rangi tulikuwa tunanunua Ujerumani, Mama."

Nikafunua. Wafaransa wamebarikiwa. Masharubu yamebarikiwa. Hata ukungu, maana unatuficha na maputo ya adui yanayodondosha mabomu. Nikashuka na kidole, moyo ukanipasuka: IBARIKIWE SUPU YA MAMA GADD, NGUZO YA TAIFA.

"Ambrose! Nimekukosea nini?"

"Si nimekusifu?"

"Nani atavuka mji kuja kunywa nguzo? Nirudishie laana yangu!"

"Siwezi. Siku hizi ukilaani cha nyumbani unaitwa msaliti. Tunalaani Wajerumani tu."

"Basi sema supu ni ya Kijerumani."

"Watakuvunjia madirisha, Mama."

Kweli, walikuwa wameshamvunjia Mjerumani mwoka mikate wa pale kona. Nikamkalisha kwa bega, nikampakulia bakuli. "Kunywa. Halafu uape kama hii ni baraka."

Kijiko cha kwanza macho yakamtoka. Cha pili akashika meza.

"Mama, hii imeishinda ya mwaka jana! Umeweka nini?"

"Njegere zimeadimika. Usiulize."

Akacheka hadi akakohoa. Akatoa penseli, akaikata ile nguzo ya taifa, akaandika upya. "Hii bado ni baraka," akasema. "Hakuna polisi atakayeigusa."

Toleo likatoka hivi: IBARIKIWE SUPU YA MAMA GADD, ALIYEIMALIZA HAOGOPI TENA MAHANDAKI.

Wee! Wakaja askari waliokuwa wakisubiri kuvushwa kwenda Ufaransa. Kila kikosi kilitaka kujipima. "Mwongezee Koplo, anajidai!" wakapigiana kelele. Watu wakafurika hadi ngazini.

Siku moja katika msongamano huo akaingia Tuke, gwanda limemkaa kama gunia.

"Na toleo la tatu?" nikamuuliza.

"Mchapaji hana karatasi, mimi sina nywele, jeshi limezinyoa. Naondoka kesho."

Nikaingia ndani, nikamletea kipande cha kondoo nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe. Akakitazama, akakisukuma kando.

"Mama, unanitakia mabaya? Lete ile supu, nami naenda mahandakini."

Akainywa yote, machozi yakimtiririka, askari wakihesabu vijiko kwa sauti.