Maji ya Katikati

Ufuoni hapakuwa na mtekaji maji hata mmoja, na Emérance alifurahi. Usimcheke, agizo lilikuwa lake. Kipindupindu kilipoingia Kalemie, ni yeye aliyewashawishi wakubwa wa ofisi yake ya afya wapige marufuku kuteka maji ya ziwa, na leo wamemtuma aangalie kama limesaidia, kabla hawajaliongezea muda. Askari walijaa ufukweni, na bidoni, yale madumu ya kutekea maji, hazikuonekana. Lakini wagonjwa mjini hawapungui, na hilo lilimkosesha raha.

Alipita kwa Mama Agathe, dada mkubwa wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu utotoni. Alimkuta mkekani, macho yameingia ndani, anatapika. Emérance alipiga magoti kando yake.

"Mama, unakunywa maji ya wapi?"

"Ya kisima, kule nyuma ya soko."

Kisima hicho Emérance alikijua. Kimezungukwa na vyoo, na mvua ikinyesha kila uchafu unaingia humo.

"Na mbele ya agizo kutoka, ulikuwa unakunywa ya wapi?"

"Prospère, ule muvuvi, alikuwa anatuletea ya katikati."

Kumbe alisahau, huyu msomi wetu! Maji hayo ndiyo yaliyomkuza. Wavuvi wakirudi asubuhi hujaza bidoni mbali kabisa ziwani, ambako taka za mji hazifiki, na wanawake huwapokea ufukweni. Agizo lake halikutenganisha maji ya ukingoni na ya katikati. Askari waliyamwaga yote mchangani.

"Majirani wanayapata kwa siri," Mama Agathe alisema kwa shida. "Mimi nilikatala. Niliwaambia, hii sheria njo mutoto wangu aliiandika. Nitaivunja namna gani?"

Emérance alilia bila kujificha. Kisha aliwaita majirani, wakambeba mama hadi kituo cha matibabu. Muuguzi alimtundikia dripu, akasema mgonjwa amecheleweshwa sana, wangoje tu.

Kungoja kulimshinda. Alichukua bidoni, akashuka ufukweni, akamwomba Prospère ampeleke katikati kwa mtumbwi wake, akamtekee mama maji safi. Askari akawazuia.

"Mama, inakatazwa."

"Najua. Njo mimi nilikataza."

"Basi ulikataza muzuri, mama," askari alimjibu, akamnyang'anya bidoni.