Waya wa Meza ya Arobaini na Moja

Wanafunzi walimpachika mkutubi wa chuo jina la Mzee Mahali Pake, na jina likamkaa. Ukiacha kiti katikati ya njia, atakirudisha. Ukiacha kalamu haina kifuniko, atakitafuta hicho kifuniko hata chini ya kabati. "Kila kitu na mahali pake," alisema, si kwa ukali, ila hakuchoka kusema. Waliomcheka walikuwa wale wale waliomkimbilia kila walipopoteza chao.

Mvua ilipotoboa dari la maktaba, kompyuta yake ilihamishiwa chumba cha kompyuta, ikawekwa meza ya mwisho, karibu na dirisha. Chumba kilikuwa na mashine arobaini. Hiyo ikawa ya arobaini na moja. Kila mchana, wanafunzi wakienda kula, mzee aliingia, akavaa spika za masikioni, akafumba macho robo saa nzima.

Fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo ambaye chumba kile kilikuwa chini yake, alijua anachosikiliza. Marehemu mke wa mzee hakupenda kuandika. Miezi ile aliyolazwa alimtumia mumewe jumbe za sauti, kumi na saba kwa jumla, na kabla simu haijafa mzee aliwahi kuzihamishia zote kwenye kompyuta. Fundi alimshauri mara mbili waweke nakala pengine. Mzee alijibu kwamba kitu chenye mahali pawili hakina mahali. Ukaidi wa watu wema ni mgumu kuliko wa wabaya, maana huwezi hata kuwagombeza.

Muhula ulipokaribia kwisha, mashine zote arobaini zilitakiwa ziandaliwe upya kwa mitihani. Kazi hiyo haifanywi moja moja, labda uwe na mwezi wa kuchezea. Fundi huandaa kompyuta moja tu, ya kwake nje ya zile arobaini, mpaka aridhike nayo, na hiyo huiita mama. Kisha huchukua nakala ya diski ya mama na kuirusha kwenye mtandao, zote ziipokee kwa pamoja. Mama husema mara moja, arobaini wakasikia. Hata mashine iliyozimwa huamshwa kupitia waya wake, ikafuta ilichonacho na kuandika inachoambiwa, bila kuuliza swali.

Kwa sababu haiulizi, fundi alikuwa na desturi yake. Kabla ya kubonyeza alizunguka chumba kizima, akigusa kila mashine na kutaja namba yake kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Wenzake walimtania kwamba iko siku moja itaitika.

Asubuhi ya siku ile alichomoa waya wa mtandao kwenye mashine ya mzee, akauacha unaning'inia pembeni ya meza, akamwambia mzee, aliyepita pale mara moja na kuisahau miwani yake mezani, kwamba ameuchomoa au atauchomoa. Baadaye mzee alikumbuka hilo la pili. Fundi akaita mahudhurio yake, arobaini kamili. Akiwa mbioni kubonyeza, mkuu wa chuo akamwita kuhusu ratiba ya mitihani, akamshikilia mpaka ikakaribia saa ya chakula cha mchana. Aliporudi, alikaa akabonyeza. Mahudhurio yalikwisha kuitwa, ya nini kuyarudia? Haraka haraka haina baraka, lakini nani hulikumbuka hilo akiwa na haraka?

Kioo kiliandika idadi ya mashine zinazopokea: 41. Aliisoma akaona arobaini, kwa kuwa arobaini ndiyo aliyoitarajia. Aliitazama tena. Alikimbia, akaangusha kiti, akaung'oa waya wa meza ya mwisho. Asilimia tisa zilikuwa zimeshaandikwa, na orodha yote ya vilivyokuwamo ilikuwa imekwenda.

Akabaki ameushika ule waya. Ulikuwa umekunjwa vizuri, ukafungwa kwa uzi mweupe, uzi wa maktaba wa kushonea vitabu vilivyochanika. Miwani ambayo mzee aliisahau mezani asubuhi haikuwepo. Fundi hakuhitaji kuambiwa. Mzee alifuata miwani yake, akakuta waya unaning'inia, akaurudisha mahali pake.

Alimngoja. Mzee alipoingia na spika zake mkononi, fundi alisimama.

"Baba, sauti za mama zimefutika. Ni mimi."

Mzee aliitazama mashine, halafu akamtazama yeye. "Zote?"

"Naogopa zote."

"Waya si ulisema utauchomoa?"

Ukweli ulikuwa mkononi mwake, umefungwa kwa uzi mweupe. Aliuficha nyuma ya mgongo.

"Nilisahau, baba."

Haukuwa uongo mtupu. Fundi hasa haziamini nyaya, huhesabu tena, na yeye hakuhesabu. Lakini alijua anachokifanya. Mtu huyu alimpoteza mkewe kwa maradhi. Kumpoteza tena kwa mkono wake mwenyewe, fundi aliona ni mzigo ambao mabega yale hayauwezi. Mzee hakugomba. Aliondoka taratibu, akakiacha kile kiti kilichoanguka pale pale katikati ya njia.

Barua ya onyo ilimfikia fundi wiki ile ile. Mzee aliacha kuja mchana, na wakikutana aliitikia salamu yake bila kuongeza neno. Hilo lilimuuma fundi kuliko barua.

Kila siku baada ya vipindi alikaa na ile diski. Iliyofutika ni orodha, na sehemu ya mwanzo ndiyo iliyoandikwa juu yake. Huko nyuma vitu vingi vilikuwa bado vimelala, havina jina wala mpangilio. Alipekua kipande kwa kipande. Wiki ya tatu akapata sauti moja nzima. Aliposikia neno la kwanza aliizima, kwa kuwa haikuwa yake, akaenda maktaba kumwita mwenyewe.

Mzee alivaa spika. Zilikwaruza tu, basi fundi akazichomoa, sauti ikasikika chumbani.

"Baba watoto, jana umenipangia dawa kwa urefu wa chupa, nesi kanicheka. Nilikuwa nimeziweka karibu na mkono, wewe ukazirudisha mahali pake. Usiku mzima sizifikii. Hivi lini utaona kitu kinaning'inia, ukakiacha kining'inie? Mwenyewe huenda kakiacha makusudi. Haya, njoo mapema. Njoo na lile shuka la bluu."

Mzee alicheka, kicheko kimoja kifupi. Kisha uso ukabadilika. Aligeuka akautazama waya uliolala mezani, bado una uzi wake mweupe.

"Siku ile nilifuata miwani," alisema.

Fundi aliusogeza waya kando.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, baba."

"Barua ukaipokea."

"Aliyebonyeza ni mimi."

Mzee alilia. Alilia kama wanavyolia wazee, bila sauti, mikono imelala magotini. Alipomaliza alijifuta, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, na jioni barua ya onyo ilitolewa kwenye faili. Kesho yake alirudi na ombi moja. Mitihani ikiisha, hiyo sauti iliyobaki iwekwe kwenye kompyuta mama, iende kwenye zote.

"Lakini ulisema kitu chenye mahali pawili," fundi alimkumbusha.

"Nilisema mengi, mwanangu."

Mitihani iliisha. Fundi aliweka sauti kwa mama, akazunguka akiita mahudhurio, na safari hii aliita mara mbili. Mzee alisimama karibu na dirisha, mikono ameifunga nyuma. Mashine yake haikuwa kwenye hesabu, kwa kuwa sauti kumi na sita zilikuwa bado zinatafutwa ndani yake, na waya wake ulichomolewa, ukaning'inia pembeni ya meza. Mzee aliutazama muda mrefu. Mkono mmoja ulitoka nyuma ya mgongo, ukafika nusu ya njia, ukarudi.

"Bonyeza," alisema.

Fundi alisoma idadi kwenye kioo kwa sauti, arobaini, ndipo akabonyeza.