Sufuria Isiyooshwa

“Mama Pacifique, mbona vyombo vyako vinafanana na vya dukani? Kwani humu ndani hampiki?”

Aliniuliza hivyo jirani yangu Nkatha, Mkenya wa mlango wa pili, siku nilipomwonyesha picha zangu nilizochora kwenye vibao: birika, vikombe, sufuria, kila picha ndogo kama kiganja. Alikuwa ametoka kazini Bloomington, huku ughaibuni, anakotunza wazee, bado amevaa yunifomu. Nilicheka naye, ila neno lake lilinikaa.

Kweli nilikuwa naosha kila kitu kwanza. Kwetu Bukavu mgeni haonyeshwi chombo kichafu, na picha hutazamwa na wageni. Basi nilisugua mpaka vikang'aa, ndipo nikachora.

Asubuhi moja niliomba, kama ninavyoomba kabla ya kushika brashi, kisha nikaitazama sufuria ya ugali wa jana juu ya jiko. Ukoko ulikuwa umeng'ang'ania chini, pembeni umeinuka kama gome la mti. Nikawaza, Mungu alipotazama vyote alivyovifanya, hakuchagua vinavyong'aa tu. Sikuiosha.

Baridi yote ile nilirudia kuichora sufuria hiyo moja, theluji imejaa dirishani. Rangi ya ukoko ilinishinda. Mara ikawa tope, mara ikawa kama chokoleti ya watoto. Mwishowe nilipaka njano kwanza, nikaiacha ikauke, ndipo nikapitisha kahawia juu yake kwa brashi kavu. Ukoko ukaja. Nilipiga magoti papo hapo jikoni nikashukuru.

Wakati wa Pasaka kanisa lilitundika kazi za wamama katika ukumbi wa chini, na sufuria yangu ikiwemo. Mchungaji Rigobert aliniambia mapema: watu wa mume wako wakikataa, nitaishusha. Nilijua nani atakataa. Wifi yangu Nabintu, dada ya marehemu mume wangu Birindwa, aliendesha gari toka Eden Prairie, akaingia hata koti hajavua.

“Ishushwe,” akamwambia mchungaji. “Watasema mjane wa kaka yangu hata kuosha hajui.”

“Waseme, wifi. Nimeichora ilivyo.”

“Weye unatuanika mbele ya watu.”

Wamama wakasogea. Mmoja akasema moto ulikuwa mkali. Mwingine akasema hapana, ni unga wa huku, haufai.

“Unga hauna kosa,” Nabintu akawakata, akainama mpaka pua yake ikaikaribia picha. “Ni uvivu. Angalieni hapa pembeni, ukoko umeshajiinua wenyewe. Angemwagia maji ya moto akaacha kidogo, ungetoka mzima.”

Na kucha yake ikaenda kwenye ule ukingo, auinue. Ikateleza juu ya ubao.

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Mchungaji alishika tumbo, akatafuta kiti. Mimi nilisimama tu, mikono nimeifunga, nikamwacha acheke mpaka amalize.

“Mchungaji, tuishushe?” nikamuuliza.

“Nani aishushe?” Alikuwa anafuta machozi. “Hii inabaki hapo hapo. Na mwaka ujao utuletee nyingine.”

Nikamgeukia Nabintu. “Wifi, maji ya moto yapo jikoni, kama bado unataka kunisaidia.”

Aliitazama kucha yake. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akapita katikati ya wamama, akatoka.